Mtu Aliyekimbia Juu ya Makasia

Kirk Douglas alikuwa na umri wa miaka 40 alipotoka nje ya ubavu wa meli, akakanyaga kasia la kwanza, akakanyaga la pili, kisha akaanza kukimbia. Makasia yalikuwa yamenyooshwa juu ya maji ya Hardanger, magharibi mwa Norwei, kila moja limeshikiliwa kwa ndani na mpiga kasia wake, na chini palikuwa na bahari baridi. Hakutafutiwa mtu wa kuumia badala yake. Kamera ya Jack Cardiff imekaa mbali kiasi cha kuonyesha mtu mzima na meli nzima kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kinachofichwa. Unaona anavyoyumba, anavyotanua mikono, anavyocheka.

Mchezo wenyewe haukubuniwa Hollywood. Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, alieleza kwamba mfalme Olav Tryggvason aliweza kutembea juu ya makasia nje ya meli yake huku watu wake wakiendelea kupiga. Waliotengeneza filamu ya The Vikings, iliyotoka mwaka 1958 chini ya mwongozaji Richard Fleischer, walilichukua jambo hilo la zamani, wakaenda nalo Norwei kwenyewe, wakalifanya kwa miguu ya mtu.

Nimeipenda filamu hiyo tangu utotoni na bado naipenda. Wako watu wengi wa rika langu, mabaharia, walimu, makarani, ambao hawajapata kuona theluji, lakini ukiwatajia filamu za zamani za Waviking macho yao yanachangamka. Wengine husema ni ujana tu tunaoulilia. Mimi naona kuna jambo ndani ya filamu zenyewe, na nililifahamu kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu ambaye hakuwa mpenzi wa sinema hata kidogo.

Jumba la sinema la Majestic, nilikoitazama utotoni, liko Vuga, Unguja. Siku hizo picha zilifika kwetu zikiwa zimeshazunguka dunia, mkanda umekwaruzika, sauti inakatika. Wengi mjini walipenda zaidi picha za Kihindi, na kwa hizo foleni ilikuwa si mchezo. Lakini picha ya meli nayo ilikuwa na watu wake: wachukuzi wa Malindi, mafundi wa majahazi, mabaharia waliokuwa wakingojea upepo. Ami yangu alikuwa nahodha, akipakia boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji. Alikubali kunipeleka kwa sababu aliiona meli kwenye bango.

Sisi watoto tulikuwa na shida yetu. Tulijua kwamba stelingi hafi, na tulikuwa tumeshaamua kwamba Kirk Douglas ndiye stelingi, kwani jina lake lilitangulia. Lakini huyu Einar aliyemcheza alikuwa mkatili, mlevi na mwenye majivuno. Tony Curtis, aliyemcheza mtumwa Eric, ndiye aliyeonewa. Mwewe wa Eric akalirarua jicho la Einar, na ukumbi mzima haukujua umshangilie nani. Mwishoni kabisa, wanaume hao wawili wanapigana kwa panga juu ya ngome. Einar ameshajua kuwa mtu aliye mbele yake ni ndugu yake wa baba mmoja. Anasita na upanga umeinuliwa, na kusita huko ndiko kunakomuua. Tulitoka nje tukibishana hadi Mnazi Mmoja.

Ami hakushiriki ubishi huo. Ndani ya ukumbi alikuwa ameniinamia mara moja tu, wakati meli zilipokuwa zikiingia nyumbani, baragumu likilia juu ya jabali na watu wakikimbilia gatini.

"Tazama migongo yao," alininong'oneza. "Hawa wanapiga kasia kweli."

Usiku ule barazani, akiwa na kikombe chake cha kahawa, alinipitisha meli nzima kuanzia omo hadi tezi. Alikuwa ameona kwamba usukani wake ni kasia kubwa lililofungwa ubavuni, upande wa kulia, wala haukukaa nyuma kama wa jahazi. Alikuwa amehesabu mbao za ubavu kwa macho na kuona zimepandana, wa juu umeulalia wa chini, wakati za kwetu hukutana ukingo kwa ukingo na kutiwa kalafati. Tanga la mraba halikumshangaza. "Mtepe ulikuwa na tanga kama lile," alisema, "la mkeka. Babu yangu aliuona Lamu." Kisha akanieleza kwa nini tanga la mraba ni zuri upepo ukiwa nyuma yako na ni mateso ukitaka kwenda joshi. Hakusema lolote juu ya mapenzi, panga wala wafalme. Kwake yeye ile ilikuwa picha ya chombo, na chombo kilikuwa cha kweli.

Meli zile zilikuwa za kweli hasa. Zilijengwa kwa kufuata umbo la meli ya Gokstad, iliyofukuliwa katika shamba karibu na Sandefjord mwaka 1880. Wanakijiji wa pande za Hardanger walivaa ngozi na kusimama kandokando ya maji. Ngome ya mfalme Aella, adui wa Waviking katika hadithi, ni Fort-la-Latte, ngome ya mawe iliyoko kwenye pwani ya Brittany, Ufaransa, ambayo bado ipo. Hata kofia za chuma walizifanyia uaminifu: hakuna pembe. Pembe hizo ambazo kila mtoto huchora akichora Mviking zilienezwa na mavazi ya jukwaani, hasa yale ambayo Carl Emil Doepler aliyabuni kwa ajili ya opera za Wagner mwaka 1876. Wachimbuaji hawajapata kofia ya namna hiyo katika kaburi lolote la Waviking. Filamu nyingi za enzi ile zilizipachika pembe bila kujali, hii ilikataa.

Mambo mengine waliyaacha yaende. Ernest Borgnine, aliyecheza Ragnar, baba yake Einar, alizaliwa Januari 1917, na Kirk Douglas alizaliwa Desemba 1916, yaani mtoto alikuwa mkubwa kuliko baba. Ukiitazama hukisii. Borgnine anapofungwa mikono na kuletwa mbele ya shimo la mbwa mwitu, akaomba upanga ili afe nao mkononi na kupokewa Valhalla, pepo ya mashujaa wao, huoni kijana aliyebandikwa ndevu. Unaona mzee anayekwenda kwa Mungu wake kwa namna anayoijua. Eric anamkata kamba na kumpa upanga, na kwa tendo hilo mfalme Aella anamkata Eric mkono. Masimulizi ya kale yalisema shimo la nyoka, filamu ikaweka mbwa mwitu; kwangu hilo ni jambo dogo. Kilicho kikubwa ni kwamba hakuna hata mchezaji mmoja anayeikebehi imani ya Ragnar. Borgnine anacheka kicheko kizima, anaruka, na kamera inabaki juu pamoja na walio hai, ikitazama nyuso zao.

Filamu nyingi za leo zinalikosa hilo, na nalisema kwa masikitiko. Kompyuta inaweza kuchora merikebu elfu na dhoruba ya kutisha kuliko zote, lakini mtazamaji anajua moyoni kwamba hakuna aliyelowa. Halafu, kana kwamba watengenezaji wanaionea aibu hadithi yao, huweka utani katikati ya msiba ili tusidhani wanaamini. Mwaka 1958 waliamini. Alinifunza ami, bila kukusudia, kuipima hadithi kama anavyopima chombo, kwa kutazama viungo vyake, na tangu hapo kila nikisoma riwaya au kutazama mchezo natafuta pale ambapo mtu amefanya kazi kweli.

Miaka mingi baadaye kazi ilinipeleka Oslo kwa majuma machache, na Jumamosi ya kwanza nilivuka kwenda Bygdøy, kwenye jumba la makumbusho ya meli za Waviking, kabla halijafungwa kwa ajili ya ujenzi mpya. Gokstad ilikuwa imesimama kwenye chumba cheupe chenye dari ya tao, nyeusi kwa uzee wa mwaloni wake. Ilijengwa karibu mwaka 890. Ina urefu wa mita 23 hivi na upana wa mita 5, na kila ubavu una matundu 16 ya makasia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye matundu. Kila moja lilikuwa na kifuniko chake kidogo cha mbao, kinachozungushwa kuziba maji wakati wa kusafiri kwa tanga. Mtu fulani, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, alikaa akafikiria wimbi litakaloingia kwenye tundu lile, akachonga kifuniko. Nilisimama hapo hadi mlinzi akaanza kunitazama.

Ami alikuwa ameshafariki, na nilimtaka mno siku ile. Ningemwonyesha kwamba mbao za ubavu zimepandana kama alivyoona kwenye pazia jeupe la Majestic, na kwamba zimeshikwa zenyewe kwa zenyewe kwa misumari ya chuma. Lakini mbao za chini, zinazokaa majini, hazikupigiliwa kwenye mataruma. Zilifungwa. Mafundi wale walitaka chombo kijipinde bahari inapojipinda. Mafundi wa mtepe walifikia jambo lilelile kwa njia yao, wakashona ubavu mzima kwa kamba za makumbi ya nazi bila kutia msumari hata mmoja. Hawakuambizana. Bahari ndiyo iliyowafunza wote wawili. Na katika kaburi la mwenye meli ile, pamoja na farasi 12 na mbwa 8, palikutwa mifupa ya tausi wawili, ndege wa nchi za joto, mbali kabisa na barafu ya Norwei. Watu wale walikuwa na njia ndefu za biashara, na sehemu ya njia hizo ilielekea Mashariki.

Jambo hilo la Mashariki ndilo linalonipeleka kwenye lile nisilolipenda katika filamu.

Filamu inamalizika kwa mazishi. Einar analazwa ndani ya meli, tanga linapandishwa, meli inasukumwa baharini jioni, na wapiga upinde wanaitupia mishale ya moto. Muziki wa Mario Nascimbene unapanda, na nakiri kwamba sijawahi kuitazama sehemu hiyo nikiwa na macho makavu. Lakini tunao ushahidi wa mtu aliyeona mazishi ya moto kwa macho yake. Ahmad ibn Fadlan, aliyetumwa na Khalifa al-Muqtadir kutoka Baghdad, alikuwa kando ya mto Volga mwaka 922, na huko alikuta Warusi wa kale, wafanyabiashara wenye asili ya Waviking, wakimzika mkubwa wao. Meli ilikuwa imevutwa nchi kavu. Ndani yake waliweka chakula, silaha na wanyama waliochinjwa. Na palikuwa na kijakazi. Alinyweshwa kilevi, akaingizwa hemani ndani ya meli, akauawa ili amfuate bwana wake, kisha wakawasha moto.

Nimekulia katika mji ambao soko lake la watumwa, pale Mkunazini, lilifungwa mwaka 1873. Siwezi kusoma habari ya msichana yule na kuipita. Waviking waliteka watu, wakawauza; Dublin ilikuwa moja ya masoko yao makubwa. Filamu inajua utumwa upo, maana Eric ni mtumwa. Ila haikuweza kumpa heshima mpaka igundue kwamba ni mtoto wa mfalme. Angekuwa mtumwa wa kawaida, mtoto wa mvuvi, hadithi isingekuwa na nafasi naye. Vivyo hivyo kwa wanawake. Kuna karamu ambapo mke anafungwa kwa nywele zake na mume mlevi anarusha mashoka aikate misuko ili kupima uaminifu wake, na wanaume mezani wanacheka. Nakumbuka upande wa wanawake kule Majestic ulivyonyamaza. Nilipomuuliza shangazi kama alipenda picha, alisema meli zilikuwa nzuri.

Nimekutana na watu wanaotaka nichague: ama niitupe filamu, ama niseme ndivyo zama zilivyokuwa na nifunge mdomo. Nakataa yote mawili. Ninamwamini Ibn Fadlan, na ninaupenda ule moto baharini, na nikitazama mazishi ya Einar siku hizi namweka msichana wa Volga ndani ya meli ile, kwa sababu mahali pake ni hapo. Kwa kufanya hivyo filamu imekuwa nzito zaidi kwangu, wala mapenzi hayajapungua. Kumbukumbu ya utotoni inastahimili kuambiwa ukweli. Isiyostahimili ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, kama ilivyonitokea kwa The Long Ships ya mwaka 1964, ambayo Cardiff, yule mpigapicha, aliiongoza mwenyewe. Tulijaa ukumbini kumwona Sidney Poitier akiwa mwanamfalme wa Wamori, na nilipoirudia ukubwani nilikuta bahari imekuwa pambo tu na Poitier amepewa mavazi mengi kuliko utu.

Mwaka jana binti wa mpwa wangu alikaa kwangu likizo nzima. Ana miaka 14, na anamjua Ragnar wa tamthilia iliyoanza mwaka 2013, ile yenye damu nyingi na nywele zilizosukwa. Nilimwekea The Vikings bila kumwandaa, wala sikumwambia aishangae. Alicheka kidogo mwanzoni kwa jinsi watu wanavyopaza sauti. Kwenye makasia alinyamaza, kisha akauliza kama yule ni mtu kweli. Nikamwambia ni yeye mwenyewe Kirk Douglas. Akairudisha, akaitazama tena akiwa amesogea karibu.

Halafu ikafika sehemu ya ukungu. Eric anatoroka na binti mfalme Morgana, Ragnar anawafukuza, na hakuna anayeona mbele. Meli ya Ragnar inagonga mwamba na kuzama. Eric anapita salama kwa sababu ana samaki mdogo wa chuma anayeelea majini na kuelekea upande mmoja daima, maarifa yaliyotoka nchi za mbali kupitia kwa rafiki yake mweusi, Sandpiper. Hapo historia imepindwa, kwa kuwa Waviking hawakuwa na dira. Lakini samaki mwenyewe hakutungwa. Wachina waliandika habari zake mwaka 1044, na Baylak al-Qibjaqi, mwaka 1282, alieleza kwamba manahodha wa Bahari ya Hindi walitumia samaki wa chuma wa namna hiyo. Ami, aliyeishi na dira maisha yake yote, alikuwa amepiga paja lake pale pale kitini.

"Babu," aliuliza yule binti, "huyu mweusi mbona hasemi?"

Katika hadithi, Sandpiper hasemi neno. Mchezaji ni Edric Connor, mzaliwa wa Trinidad, na nilipomsomea binti habari zake tulisimamisha filamu. Connor alikuwa mwimbaji. Alihamia Uingereza mwaka 1944, akazikusanya na kuziimba nyimbo za watu wa Karibi, sauti yake nene ikajulikana redioni. Mwaka uleule wa 1958 ambao filamu ilitoka, alipanda jukwaani Stratford-upon-Avon katika Pericles ya Shakespeare akiwa Gower, msimulizi, ambaye kazi yake yote ni kusimama mbele ya watu na kusema nao. Hollywood ilimpa mtu huyo ujuzi wa bahari, jambo ambalo filamu chache za enzi ile zingemfanyia mtu mweusi, na papo hapo ikamnyima ulimi.

Binti alikuwa ameshachukua simu. Alipata wimbo wa wapakiaji wa ndizi wa Jamaica ambao Connor na wenzake waliurekodi miaka kadhaa kabla Harry Belafonte hajaupeleka duniani. Sauti ikajaa sebule.

"Huu naujua!" akasema, na kuanza kuitikia.

Tuliusikiliza wote, kisha akaniambia nirudishe picha pale Sandpiper anapotokea mara ya kwanza. Nikarudisha, na safari hii tulimfuata yeye tu, kila alipopita, tukiwaacha wafalme na wana wao waendelee na ugomvi wao.